Paina, mlingoti, mwati au miti ya asili? Ulinganisho kwa mpandaji wa Nyanda za Juu Kusini dhoruba zinapozidi

Mwenye ekari zake tano Mufindi, Kilolo, Makete au Rungwe akifika kitaluni kununua miche, hukutana na maswali mawili: una bajeti gani, na unataka kuvuna baada ya miaka mingapi? Swali la upepo haliulizwi. Huja lenyewe baadaye, Februari au Machi, udongo ukiwa umeshiba mvua ya wiki nzima na upepo wa radi ukishuka mlimani kwa dakika chache tu. Kesho yake shamba la miaka tisa limelala upande mmoja, na madalali wa mbao wameshapata habari.

Ulinganisho huu unaanzia kwenye swali hilo. Nimechukua makundi manne ya miti inayopandwa au kuachwa isimame katika nyanda hizi, yaani paina, mlingoti (mkaratusi), mwati (ule wa magome ya kutengenezea ngozi) na miti ya asili, nikayapima hasa kwa jambo moja: dhoruba ikishapita, unabaki na nini? Bei ya mbao nitaigusa kwa mbali, maana hubadilika kila msimu na kila muuzaji ana yake.

Vimbunga ni vya baharini, sisi vinatuhusu nini?

Tuseme ukweli kwanza: Mbeya na Iringa si Beira, ule mji wa bandari wa Msumbiji. Vimbunga vya kusini magharibi mwa Bahari ya Hindi hupiga zaidi Madagaska na Msumbiji. Karibu na ikweta, nguvu ya mzunguko wa dunia inayokifanya kimbunga kizunguke ni ndogo, ndiyo maana Tanzania hutembelewa kwa nadra. Aprili 1952 kimbunga kilipiga Lindi. Mei 2024 Hidaya ikafika pwani yetu upande wa Mafia. Kikishaingia nchi kavu, kimbunga hukosa joto la bahari na upepo wake hulegea haraka. Hewa yake ikibahatika kufika Makambako, kilichobaki ndani yake ni mvua.

Mvua hiyo nayo si ya kudharau. Machi 2019, Idai ilipopita Beira iliendelea hadi milima ya Chimanimani, mashariki mwa Zimbabwe, zaidi ya kilomita 200 kutoka baharini. Huko ni nyanda za juu zenye mashamba ya paina na mlingoti kama zetu, na miteremko yake iliporomoka usiku, mawe na magogo pamoja. Mwaka 2023 Freddy, kimbunga kilichodumu muda mrefu kuliko vyote vilivyowahi kurekodiwa, siku 36, kiliingia Msumbiji mara mbili, na mvua yake ikaua mamia ya watu Malawi, nchi tunayopakana nayo hapo Kyela.

Jopo la Umoja wa Mataifa la wanasayansi wa tabianchi linasema kwamba yamkini sehemu ya vimbunga vikali miongoni mwa vyote imeongezeka katika miongo minne iliyopita. Si lazima idadi yake ipande. Kinachopanda ni ukali na mvua. Sababu haina uchawi: hewa ikipata joto nyuzi moja zaidi, hubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7. Kanuni hiyo haichagui bahari. Inahusu pia wingu la radi linalojijenga mchana juu ya milima ya Uporoto na kumwagika Tukuyu jioni. Na udongo ulioloweka hushika mizizi vibaya, kwa hiyo upepo uleule ambao mwaka jana ulitikisa matawi tu, mwaka huu unaweza kung'oa mti mzima.

Ushahidi ulioandikwa ndani ya mti

Mahali penye msimu mmoja wa mvua na kiangazi kirefu, miti mingi huweka pete moja kila mwaka. Mvua ikianza mti hujenga mbao laini na nyepesi, msimu ukielekea kuisha hujenga mbao nzito na nyeusi zaidi, kisha hupumzika. Nyanda zetu, zenye mvua ya Novemba hadi Aprili au Mei na kisha baridi na ukavu, zinafaa kabisa kwa kazi hiyo.

Mninga, kwa mfano, umethibitishwa kuwa na pete za kila mwaka. Huko Zimbabwe pete zake zimetumika kuhesabu mvua kurudi nyuma hadi 1796. Mtundu, mmoja wa miti mikuu ya miombo, nao husomeka. Mtafiti Valerie Trouet wa Ubelgiji alianzia kazi yake ya pete za miti kwenye miombo ya Tanzania, akitafuta alama za El Niño, kabla ya kwenda kuwa mmoja wa wasomaji wakubwa wa historia ya vimbunga vya Karibi.

Kazi hiyo ya Karibi ndiyo inayotufaa hapa. Kwenye visiwa vya Florida Keys, kusini kabisa mwa Marekani, kuna paina zinazoota juu ya chokaa penye udongo kiduchu. Kimbunga kikipita, mti uliosalimika hupoteza matawi na sindano, na maji ya chumvi huingia mizizini. Pete za mwaka huo na za miaka inayofuata huwa nyembamba. Trouet na wenzake, Grant Harley na Marta Domínguez-Delmás, walizilinganisha pete hizo na kumbukumbu za meli za Hispania zilizozama kati ya 1495 na 1825. Waliona kwamba kati ya 1645 na 1715, jua lilipopungua nguvu na bahari kupoa, vimbunga vya Karibi vilipungua kwa karibu asilimia 75. Bahari ikipoa vinapungua. Sasa bahari inapashwa moto. Hesabu hiyo kila mtu anaweza kuimalizia.

Kaskazini mashariki mwa Asia, Jan Altman wa Jamhuri ya Cheki na wenzake walisoma alama ya kinyume. Mti mkubwa ukianguka, majirani zake wadogo hupata mwanga ghafla na pete zao hupanuka kwa mruko. Ukikuta miti mingi ya msitu mmoja imeruka pamoja mwaka mmoja, ujue kuna kilichoangusha wakubwa. Kwa njia hiyo walionyesha, katika utafiti uliotoka 2018, kwamba katika karne ya 20 uharibifu wa vimbunga ulisogea kuelekea kaskazini, kwenye misitu ambayo zamani haikuwa ikipigwa sana. Misitu ya kusini, iliyozoea kupigwa, ilikuwa imeshachujwa na upepo wenyewe kwa karne nyingi. Mimi hapo ndipo ninapopaangalia kwa makini, kwa sababu Nyanda za Juu Kusini ziko upande wa wasiozoea. Paina zetu asili yake Meksiko, milingoti na miwati Australia. Hakuna hata mmoja uliochujwa na upepo wa Kipengere.

Kwenye North Carolina, mashariki mwa Marekani, paina nyingine zimeonyesha kupitia ile sehemu nyeusi ya pete, inayojengwa mwisho wa msimu, kwamba misimu yenye mvua kubwa kabisa ya vimbunga imezidi kuwa mizito tangu 1700, kwa milimita 2 hadi 4 kila miaka 10. Kila muongo huongeza kidogo, na miongo imekuwa mingi.

Ushahidi mmoja zaidi si wa pete bali wa vipande vya msitu vinavyopimwa mti kwa mti, na nauweka hapa kwa sababu unavunja imani ya wengi. Huko Puerto Rico, kisiwa cha Karibi, ilijulikana kuwa miti ya mbao nzito, inayokua taratibu, hustahimili vimbunga kuliko ile laini ya haraka. Hugo ya 1989 na Georges ya 1998 zilithibitisha hivyo. Kisha mwaka 2017 ikaja Maria. Miti iliyokatika shina ilikuwa zaidi ya mara tatu, na iliyokufa mara mbili, ukilinganisha na Hugo, na safari hii hata walewale wa mbao nzito walikatika kwa wingi. Mti imara hukataa kulala. Upepo ukipita kipimo chake, hukatika. Kwa hiyo muuzaji wa miche akikwambia "huu ni mgumu, hauogopi upepo", muulize upepo wa mwaka gani.

Soma kisiki kabla ya kununua mche

Huhitaji maabara. Penye mashine ya kupasulia mbao karibu na eneo lako, zile wanazoziita dingdong, pana visiki na vichwa vya magogo ya paina vilivyokatwa wiki hiyohiyo. Lowanisha uso wa gogo kwa maji, lainisha kwa msasa au panga kali, uhesabu kutoka kwenye gome kwenda ndani.

Tazama kwanza kiini kilipo. Kikiwa katikati, mti ulisimama vizuri. Kikiwa pembeni, na upande mmoja ukawa na pete pana za rangi nyekundu ya kahawia, nzito na ngumu kwa kisu, mti huo ulisukumwa ukainama, kisha ukatumia miaka kujinyoosha. Paina hujaza upande wa chini, kule unakoinamia; miti ya majani mapana hufanya kinyume, hujaza upande wa juu. Hesabu pete kutoka kwenye gome hadi pale unene ulipoanza kwenda upande: umepata mwaka.

Pete nyembamba peke yake haithibitishi dhoruba. Ukame huleta pete nyembamba, moto pia, na msongamano wa miti iliyokosa kupunguziwa (kukatwa baadhi ili iliyobaki ipate nafasi) ndio mkosaji wa mara nyingi zaidi. Tofauti ni hii: ukame hubana kila mti, wa bondeni na wa kileleni, msongamano hubana polepole mwaka hadi mwaka, dhoruba hubana ghafla, zaidi mlimani kuliko bondeni, na mara nyingi huacha jirani mmoja aliyebanwa na mwingine aliyepanuka kwa sababu mwenzake alianguka. Tazama visiki vya kilele na vya bonde la kijiji kimoja kabla hujaamua chochote. Na ukumbuke kwamba paina za huku wakati mwingine huweka pete ya uongo, mvua ikikatika Februari na kurudi Machi. Ukijua mwaka shamba lilipopandwa, utaigundua.

Mlingoti na mwati havikupi faida hii. Hukua karibu mwaka mzima mahali penye unyevu, na pete zao hazieleweki. Ukichagua miti hiyo, unachagua bila historia, na kwangu hilo ni upungufu wa kweli hata kama halionekani kwenye hesabu ya faida.

Paina

Huu ndio mti wa nyanda hizi. Pinus patula ndiyo iliyojaza Sao Hill, shamba kubwa la miti kuliko yote nchini, na ipo Kawetire juu ya jiji la Mbeya na Kiwira upande wa Rungwe. Mbao zake zina soko kuanzia Mafinga hadi Dar es Salaam, kila fundi anazijua, na miche hupatikana. Kwa mapato, ni vigumu kuupita.

Kwa upepo, tatizo lake kubwa ni kwamba hauchipui. Paina ikikatika au ikilala, safari yake imeisha. Unaanza upya kwa mche. Miaka uliyosubiri hairudi. Na gogo lililoanguka halikusubiri wewe upate mteja: ukungu wa bluu huingia kwenye paina mbichi ndani ya wiki chache wakati wa mvua, na dalali anajua hivyo vizuri kuliko wewe.

Hata ile iliyobaki imesimama inaweza kuwa imeharibika kibiashara. Ile mbao nyekundu ya upande wa kuinama, ikikaushwa, husinyaa kwa urefu kuliko sehemu nyingine, kwa hiyo ubao hupinda na kujinyonga baada ya kununuliwa. Fundi akipigiliwa lawama na mwenye nyumba, anakumbuka mbao zilitoka kwa nani.

Sehemu kubwa ya hatari ya paina, hata hivyo, hupandwa na sisi wenyewe. Serikali huvuna kwenye miaka 18 hadi 25. Wakulima wengi wa vijijini huvuna kwenye miaka 8 hadi 12, na ili wapate miti mingi hupanda karibu karibu bila kupunguzia baadaye. Kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, ekari hubeba miti kama 450. Kwa mita 2 kwa 2, hubeba zaidi ya 1,000. Miti hiyo elfu hukimbilia juu kutafuta mwanga, ikarefuka bila kunenepa.

Kuna kipimo rahisi ambacho wataalamu wa misitu ya sindano, paina na jamaa zake, hutumia. Chukua urefu wa mti kwa mita, ugawe kwa unene wa shina kifuani, nao kwa mita. Mti wa mita 18 wenye unene wa sentimita 15 unapata 120. Mti wa urefu huohuo wenye sentimita 25 unapata 72. Chini ya 80 mti ni imara. Ukipita 100, unasimama kwa sababu umeegemea wenzake. Hapo ndipo penye mtego: mwenye shamba akishtuka na kupunguzia akiwa amechelewa, anawaondoa waliokuwa wakishikilia, na kwa miaka michache inayofuata shamba lake liko kwenye hatari kubwa kuliko lilipokuwa msitu wa fito. Kupunguzia ni mapema, au ni kidogo kidogo. Kuchelewa kisha kufyeka nusu kwa mkupuo ni kualika upepo.

Kwa hiyo paina naipa alama nzuri kwenye mteremko uliojificha, penye udongo wa kina, kwa mtu mwenye subira ya kupanda kwa nafasi na kupunguzia kwa wakati. Kwenye kilele cha mlima, kwa mtu wa kuvuna miaka 10 bila kupunguzia, siipi.

Mlingoti

Nguzo za umeme, mirunda ya ujenzi, kuni za kukaushia chai: mlingoti una soko ambalo halijali mbao za kunyooka kama fundi seremala anavyojali. Na una kitu ambacho paina haina. Ukikatwa au kukatika, kisiki kinachipua. Mizizi imeshajengwa, kwa hiyo maotea hukua haraka kuliko mche mpya, bila gharama ya kitalu wala kuchimba mashimo. Kwa kipimo chetu, mwenye milingoti anabaki na kisiki kilicho hai, mwenye paina anabaki na kuni.

Lakini usikimbilie. Maotea hushikilia kwenye ukingo wa kisiki, na katika mwaka wa kwanza na wa pili kiungo hicho ni dhaifu. Upepo huyabandua kirahisi, hasa yakiachwa mengi na marefu. Dawa ni kuyapunguza kwa hatua: acha machache kwanza, mpaka ujue yapi yameshika, ndipo ubakize moja au mawili kwa kisiki. Kisiki kikatwe chini, karibu na ardhi, kwa mwinamo ili maji yasituame juu yake.

Mti ulioanguka ukiwa umeng'oka na mizizi, hapo habari ya kuchipua haipo tena. Ndiyo maana udongo una uamuzi mkubwa: kwenye udongo wa kina, mlingoti huzamisha mizizi na mara nyingi hukatika kabla ya kung'oka, kwenye udongo mfupi juu ya mwamba au penye maji ya kutuama, hung'oka kama wengine.

Kisha kuna suala la maji, na hapa sizungumzii upepo tena. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto au chanzo cha maji, na mlingoti ni mti wa kunywa sana. Vinyungu, yaani bustani za bondeni, vilivyokauka chini ya mashamba ya milingoti vimeshagombanisha majirani wengi huku kwetu. Ukipanda juu ya kinyungu cha shemeji yako, dhoruba yako ya kwanza haitatoka mawinguni.

Mwati

Nitapita haraka. Mwati ulikuja kwa ajili ya magome yake, na kampuni ya Njombe iliyoanza 1949 iliujengea jina. Hurutubisha udongo kwa naitrojeni, kuni na mkaa wake ni mzuri sana, na huvunwa mapema. Kwa upepo ni dhaifu kuliko yote minne: mizizi yake iko juujuu, na kwenye udongo uliolowa hulala. Mbegu zake hukaa udongoni miaka mingi zikisubiri moto au jembe, kwa hiyo ukijuta baadaye, utajuta pamoja na wajukuu. Kama huna mkataba wa magome au biashara ya mkaa yenye kibali, siuoni sababu yake kwenye shamba jipya.

Miti ya asili

Hapa watu wengi hufunga masikio, maana neno linalofuata ni "kusubiri". Ni kweli. Mninga haufiki unene wa kupasuliwa kwa miaka ya mtu mmoja anayeanza kupanda akiwa na umri wa kustaafu. Ukitaka ada ya mtoto wa kidato cha kwanza, mninga haukusaidii.

Ila tofautisha maeneo. Chunya na sehemu za chini za Iringa ni nchi ya miombo, na miombo hupandwa kwa kuachwa: mtundu na wenzake huchipua visikini na mizizini wenyewe, mradi moto na mifugo vidhibitiwe. Gharama yake ni ulinzi, na mapato yake ya awali ni asali na uyoga. Juu kwenye baridi, Rungwe, Makete na ukingo wa Mufindi, msitu wa asili una faida nyingine, ya umri mchanganyiko. Dhoruba ikiangusha wakubwa, wadogo waliokuwa kivulini wanapanua pete zao mwaka unaofuata, kama Altman alivyoona Asia. Shamba la paina za umri mmoja halina mrithi wa namna hiyo. Kila mti ni mkubwa, na kila mti uko kwenye urefu uleule wa upepo.

Bondeni na kwenye vyanzo vya maji hakuna ushindani. Mivengi, kama wanavyoiita upande wa Njombe, hupenda miguu yake iwe majini na hushika kingo za vijito mvua kubwa ikishuka. Hapo paina hung'oka na mlingoti umekatazwa.

Upande kwa upande

Ukinishika mkono unilazimishe kuchagua mti mmoja kwa ekari tano, nitakataa, kwa sababu ekari tano za huku ni nadra kuwa sawa. Zina kilele, zina ubavu, na mara nyingi zina kijito.

Kileleni, unakopiga upepo wa kusini mashariki na kule ambako radi huanzia, ningechagua mlingoti wa mzunguko mfupi badala ya paina. Si kwamba hauanguki. Unakatwa ukiwa bado mfupi kiasi, kabla haujawa mlingoti wa meli, na ukikatika kisiki kinabaki. Mwenye uhitaji wa fedha ndani ya miaka 6 au 8 anapata mirunda hapohapo.

Ubavuni, paina kwa mita 3 kwa 3, ipunguziwe mapema. Panda kwa awamu, ekari moja mwaka huu, nyingine baada ya miaka mitatu, ili dhoruba moja isikute shamba zima kwenye urefu wa hatari. Hasara ya mpango huu ni kwamba mnunuzi mkubwa hapendi kuja kwa ekari moja. Itabidi uuze pamoja na majirani. Mimi ningekubali usumbufu huo.

Ukingo wa shamba unaotazama upepo usifyekwe ghafla. Miti ya ukingoni imekua ikitikiswa, imenenepa chini na kujijengea mizizi upande wa upepo. Ya ndani haijazoea. Jirani yako akivuna shamba lake lote lililokukinga, paina zako zilizokuwa katikati zinageuka kuwa ukingo kwa siku moja. Kubaliana naye mapema, au acha safu zako za kwanza zipandwe kwa nafasi pana kuliko za ndani, zisipogolewe matawi ya chini.

Kwenye kijito, mita 60, mivengi na vyovyote vitakavyoota vyenyewe.

Wanaong'oa paina wapande parachichi, na Njombe na Rungwe wako wengi, wanabadilisha aina ya hatari tu. Upepo wa wiki moja kabla ya kuvuna unaweza kuangusha matunda ya mwaka mzima, na tunda lililogonga ardhi halisafirishwi nje ya nchi. Mwenye parachichi anahitaji safu ya kukinga upepo kama mwingine yeyote, na safu hiyo ianze miaka miwili au mitatu kabla ya miche ya parachichi.

Liko jambo la mwisho ambalo halitegemei mti gani umechagua. Mashina mengi yanayolala baada ya miaka minne au mitano yalianza kulala kitaluni. Mche uliokaa kupita kiasi kwenye kiriba huzungusha mzizi wake chini kwa kukosa pa kwenda, na mzizi huo haunyooki tena ukishazikwa shambani. Mti unanenepa juu ya kitanzi. Kabla ya kupakia gari, chagua miche mitatu bila kumwachia muuzaji akuchagulie, pasua viriba vyake, tikisa udongo. Ukikuta mizizi imejiviringa, mwambie unataka ya kundi jingine, au rudi na gari tupu, hata kama mvua ya Novemba imeshaanza.